Mlango Usio na Pembe Mraba

Karakana niliyofanyia kazi, katika eneo la viwanda la Mbale, ilikuwa na kompyuta moja na mtu mmoja wa kuitumia, mimi. Nilikaa nayo kutwa katika chumba cha nyuma, nikiwachorea milango ya chuma watu waliokuwa wakijenga upya. Fundi wa kuchomelea aliniita afande, kwa kuwa Kiswahili nilikuwa nacho tangu utotoni, na mji ule ulikijua Kiswahili kupitia jeshi. Hakukosea sana. Baba yangu alikuwa askari.

Vita vilipofika Jinja tulikimbia. Tuliporudi kwetu Masese, kando ya ziwa, nyumba ilikuwa imesimama, lakini mlango ulikuwa umeng'olewa pamoja na fremu yake. Mama aliziba uwazi kwa mbao za masanduku, akawa anazifunga kwa kamba kutoka ndani. Tangu hapo hakulala kwingine hata siku moja. Miaka yote niliyoishi peke yangu katika mtaa wa Nkoma, Mbale, hakuwahi kuja kunitazama.

"Nikitoka, nani atafunga kamba?" aliniuliza kila nilipomwita.

Basi nikamchorea mlango. Ukivuta mstari unaokaribia kuwa wima, programu ya kuchorea huuwekea alama, na kuanzia hapo ni wima kabisa. Pembe ukiiambia iwe mraba, haitoki hapo. Mistari iliyo huru ni ya buluu. Ikishabanwa yote kwa masharti na vipimo, hugeuka myeusi. Nilikuwa nimepima upana na urefu tu, pembe nikaziambia ziwe mraba. Mchoro ukawa mweusi, nikaridhika.

Tulipoufikisha Masese haukuingia. Kona ya juu ilikwama, na chini pakabaki nafasi ya kupita kuku. Kwa miaka ile yote nyumba ilikuwa ikizama upande wa ziwani.

Mama alikuwa amesimama uani na begi lake la kuja kwangu tayari. "Hiyo kompyuta yako haijawahi kulala hapa," alisema, akalirudisha begi ndani.

Nilipima upya pande zote nne, kisha kutoka kona hadi kona. Niliporudi Mbale na kuingiza kipimo cha kona hadi kona, mistari ikawa myekundu: masharti yanapingana. Ilibidi nifute alama za pembe mraba, moja moja. Mistari ikarudi kuwa ya buluu, na nilipogusa mmoja mlango mzima uliyumba. Niliacha wima upande wa bawaba peke yake. Vipimo vya nyumba vikashika kwingine kote.

Fundi aliugeuza mchoro huku na huku. "Afande, mlango hii imelewa?"

"Chomelea hivyo hivyo."

"Na mwenyewe akirudisha?"

"Mwenyewe ni mama yangu."

"Haya. Mimi nanyamaza."

Safari hii uliingia. Mama aliufunga kwa ufunguo kutoka nje, akausukuma kwa bega, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaniambia nibebe begi.

Kwangu Nkoma alilala siku mbili, ufunguo shingoni. Alikalia kiti changu, nami nikakaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Aliniuliza jioni huwa naongea na nani. Nikamwonyesha redio.

Asubuhi ya tatu aliuliza basi la Jinja linaondoka saa ngapi.

"Mama, si mlango sasa upo?"

"Ndiyo maana nataka kwenda kuutazama."

Nilimsindikiza hadi stendi, kisha nikaenda kazini. Kulikuwa na dirisha la mtu la kuchora.