Kamera Isiyo na Umbea

Jamani, kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi, kwa binti wa shangazi yangu hapa Likoni, simu zote ziliachwa mlangoni ndani ya beseni. Tulikuwa wanawake peke yetu, mabuibui tumeyavua, na hakuna aliyetaka picha yake ionwe na wanaume. Mimi peke yangu niliruhusiwa kupiga picha, kwa kamera ndogo ya filamu niliyoachiwa na marehemu mama.

Kamera hiyo naitunza kama yai. Kioo chake nakifuta kwa kitambaa laini, na nyumbani hulala ndani ya kopo pamoja na mchele, isiingie unyevu wa bahari. Majivuno nayo, wallahi, sikupungukiwa.

"Hii haina umbea kama simu zenu," niliwatangazia. "Haitumi picha popote. Siri yabaki humu humu."

Wakaniamini! Mabibi wazima walinifuata wenyewe, nywele wazi, wakilegeza shingo na kunyoosha mikono yenye hina. Hata shangazi, ambaye hajapigwa picha bila mtandio tangu aolewe, alikaa mkao, akabadilisha, akakaa mwingine.

Filamu ikaisha. Shangazi akaniuliza kwa furaha, "Sasa tutaziona lini, mwanangu?"

"Inshallah kesho navuka feri, nampelekea Bwana Athumani wa studio. Huzisafisha mwenyewe, moja moja, na kila moja huiangalia kwa makini sana."

Vigelegele vikakatika. Shangazi akauvuta mtandio hadi kwenye nyusi, kana kwamba Athumani amesimama mlangoni.

"Bwana nani?"