Kiti cha Mama Sukuma

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa nesi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali. Walimwita Mama Sukuma. Nusu ya mtaa wetu ilizaliwa kwa ukali wake. Mimi mwenyewe alinifokea uzazi wote, kisha jioni akaja nyumbani kunifulia nepi kama si yeye.

Binti yake naye alisomea unesi, akamaliza, akakaa nyumbani mpaka tukazoea kumtuma dukani. Kila alikokwenda aliambiwa ajira zimesitishwa. Wifi akapiga hesabu zake: akistaafu kabla ya wakati, kiti chake kitabaki wazi na mtoto atakikalia. Alimweleza kila mtu, hata katibu wa hospitali, ambaye alitabasamu tu. Siku ya kumuaga wifi, katibu huyo huyo alikula keki na kuomba kipande kingine. Kile kipande bado kinaniuma.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipunguza kiunoni gauni jeupe la kazi la wifi, likamkaa binti sawasawa. Nikamtania wifi kwamba sasa humo utaingia mguu wake mmoja tu. Tukaenda hospitali wote watatu, tumejaa furaha.

Katibu hakutukaribisha hata kukaa.

"Mama, siku hizi anayestaafu anaondoka na nafasi yake. Yako imeshafutwa."

Wifi akauliza kama basi anaweza kurudi mwenyewe. Akajibiwa kwamba kumrudisha ni kuajiri, na kuajiri kumekatazwa. Nilitaka kumuuliza yule bwana kwa nini hakusema mapema, lakini alikuwa ameshatufungulia mlango tutoke. Binti alikuwa amejishika kiuno, anapapasa mshono wangu.

Kutoka, tulipita mbele ya wodi. Nesi aliyebaki alikuwa peke yake, vitanda vimejaa, na mama mmoja karibu na dirisha ameng'ang'ania chuma cha kitanda, uchungu umemzidi. Wifi akaanza kukunja mikono ya blauzi. Mwenzake akamzuia mlangoni.

"Dada, usiingie. Wakikukuta humu watanifukuza, na nikitoka mimi habaki mtu."

Wifi akarudi nyuma. Sikuamini macho yangu. Mwanamke ambaye hata madaktari walimpisha, amesimama kwenye korido kama mgeni aliyekosea nyumba. Yule mama akapiga yowe. Hapo wifi akaenda dirishani, akabandika uso kwenye wavu, akatoa ile sauti iliyowahi kunitoa jasho.

"Sukuma, mwanangu. Usiniangalie mimi. Sukuma!"

Akasukuma. Tukasimama pale pale mpaka tukasikia mtoto akilia, na binti akalia naye, ndani ya lile gauni.

Mlinzi wa geti, ambaye watoto wake wote walipokelewa na wifi, alikuja akitazama chini. Akatuomba tutoke nje, kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado.