Fondanti Iliyoshuka Muheza

Fondanti haina ladha. Nalisema hili mapema ili atakayekereka akereke sasa. Ni sukari iliyosagwa ikakandwa mpaka ikasahau kwamba ni chakula, ikasukumwa kama chapati, ikalazwa juu ya keki nzuri ambayo haikuomba kufunikwa. Watu huipiga picha. Kisha huibandua kwa kidole, wakaiacha pembeni mwa sahani na kula keki. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami sijaona kitu kinachojitembeza kama fondanti.

Hata hivyo, mdogo wangu alipoolewa Muheza niliitengeneza mwenyewe, jikoni kwa mama, hapa Lushoto.

Chanzo kilikuwa mzaha. Wakwe walipanda kuja kumaliza mambo ya mahari, wakala wali, wakala kuku, wakafungiwa mboga za kuondoka nazo. Mama mkwe mtarajiwa, mwanamke mkubwa mwenye bangili zilizokaribia kiwiko, alikuwa amejifunika blanketi la mama akilalamikia baridi. Mazungumzo yalipofika kwenye maandalizi ya harusi, akasema, "Keki tuachieni sisi wa kule chini. Nyie watu wa milimani mtatuletea keki ya kabichi bure!" Ujumbe wake wote ukacheka. Mama naye akacheka, maana mama hucheka mgeni anapocheka.

Walipoondoka, mama aliosha vyombo. Alipomaliza alijifuta mikono, akaniangalia. "Keki itatoka nyumbani kwangu," akasema. "Na utaitengeneza wewe." Kesho yake akawapigia wakwe simu kuwaambia, nao wakasema sawa.

Mama si mtu wa kutaka makubwa. Amelima karoti na kabichi maisha yake yote, na mtu akimkanyaga yeye ndiye anayesema samahani. Sikuwahi kumsikia akimdharau mtu, wala kukataa alichopewa. Kwa hiyo nilipomwona ametaka kitu, nilijua anakitaka kweli: asimame mbele ya wale watu, mbele ya yule aliyejifunika blanketi lake na kumcheka, na kitu cha nyumbani kwake kiwe juu ya meza.

Kuoka nilikuwa najua. Keki zangu nilizioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na nilikuwa nimeshalisha kipaimara na ubatizo kadhaa mtaani. Katikati naweka jemu ya plamu za shambani kwetu. Zilikuwa keki nzuri, na sioni sababu ya kuficha. Kama jambo lingeishia hapo, mama angepata alichotaka na mimi ningelala.

Lakini tulikuwa na shangazi. Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya harusi, cheo alichojipa kwa kufika kwanza na kukalia kiti chenye mto. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza mpango wangu: keki ya ngazi mbili, jemu ya plamu, krimu kidogo juu.

"Marahaba," akajibu. "Na fondanti?"

"Fondanti ya nini, shangazi?"

"Keki bila fondanti ni mkate. Unataka tushuke Muheza na mkate?"

Mama alikuwepo, na neno mkate lilimchoma. Basi ikawa fondanti.

Wa kunifundisha hakuwepo Lushoto, ndipo nikaangukia kwa mwalimu wa kwenye simu, aliyefundisha kundi la watu mtandaoni. Alikuwa Dar es Salaam, mwenye kucha ndefu kiasi kwamba mpaka leo najiuliza alikandaje chochote. Kila somo alianza na "wapendwa wangu", kila picha tuliyotuma aliisifu. Mwanafunzi mmoja alituma keki iliyopinda kama kibanda cha mlinzi, akajibiwa "wow, una kipaji." Vilemba vya ukoka vilitosha kundi zima. Alichokijua kweli, kama alikijua, alikitunza kwa ajili ya darasa la kulipia.

Alituambia tuchukue sukari ya unga, jelatini ya kugandishia, glukosi ya maji, glisirini na mafuta ya kuganda. Sukari ya unga niliipata Soni, mji wa chini kidogo ya kwetu, imeshikana mabonge. Niliitwanga na kuichekecha mpaka nyusi zikawa nyeupe. Jelatini aliniletea dereva wa basi. Glukosi ya maji dukani walinishangaa, wakanipa ya unga, ile ya wagonjwa, nikaichemsha na maji kidogo mpaka ikavutika. Glisirini haikunisumbua kabisa. Huku kwetu kila nyumba ina chupa, maana baridi ya mwezi wa saba hupasua midomo na visigino, na watu hujipaka kutwa. Niliinunua duka la dawa, mpya, nikaiweka mbali na visigino vya wadogo zangu.

Mara ya kwanza nilipata uji. Mara ya pili nilipata kitu kama bada, ule ugali wetu wa muhogo, ila bada ina heshima yake, unaila na samaki ukashiba. Mara ya tatu donge lilikubali. Lilikuwa jeupe, laini, linanukia vanila, na nakiri nililishika mikononi kwa dakika nzima nikitabasamu kama mjinga.

Halafu baridi ikaingia kazini. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa mlangoni, jikoni hata siagi ilikuwa jiwe. Nililisukuma donge kwenye kibao cha chapati, likapasuka. Nikalikanda tena, nikalisukuma, likapasuka kingo zote kama visigino vilevile. Nikamwandikia mwalimu. Akajibu kwa neno moja na moyo mwekundu: "Glisirini."

Nikaongeza glisirini. Likapungua kupasuka. Nikaongeza tena. Kila lilipolalamika nilimimina, kama tunavyofanya huku kwa ngozi ya mtu: ikikauka, paka, ikikauka tena, paka tena. Mwishowe likawa laini kama sikio la mtoto. Nikaifunika keki, nikailainisha kwa mfuniko wa ndoo ya plastiki, nikaizungushia maua madogo ya waridi. Pale mezani, kwenye baridi ile, ilisimama imara bila mkunjo wowote. Shangazi aliizunguka mara mbili, akaipiga picha. Mama aliwaita majirani. Walisimama mlangoni wakiwa wamejifunga kanga mabegani, na mama akawa anawaambia, "Kaitengeneza huyu. Hapahapa jikoni."

Mtu wa Muheza asingefanya kosa nililofanya. Mtu wa huko anajua joto ni nini hata akiwa usingizini. Mimi nilizaliwa kwenye ukungu, nikajifunzia kwenye ukungu, nikapima ulaini wa fondanti kwa kidole chenye ganzi. Halikunijia hata kidogo wazo kwamba keki itashuka mlima.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la kukodi, keki nimeipakata mimi, mama pembeni yangu, shangazi mbele. Mpaka Soni ilikuwa salama. Baada ya hapo barabara ikaanza kujizungusha kwenda chini, na kila kona tuliyopita tulivua kitu: kwanza sweta, kisha mtandio. Mombo, chini kabisa ya mlima, tukafungua vioo, ukaingia upepo wa moto. Nikainua mfuniko wa boksi. Keki ilikuwa inatoka jasho.

"Vipi?" mama akauliza.

"Salama, mama."

Korogwe fondanti ya ngazi ya juu ilianza kushuka polepole, imejikunja kama soksi iliyolegea. Maua ya waridi yalianza kutembea. Mama sasa alikuwa anaona mwenyewe. Alivua kanga aliyojitanda akaanza kuipepea keki, na akaipepea mpaka Muheza, huku jasho lake likimtiririka shingoni. Nilitamani yule mwalimu awepo, na kucha zake.

Ibada ilipokwisha tulipelekwa ukumbini, chumba cha nyuma karibu na jiko. Niliweka boksi mezani. Kilichobaki juu ya keki yangu kilifanana na shuka lililolaliwa. Shangazi akaanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alishauri krimu. Nikamgeuzia mgongo, maana kumjibu mtu wa namna ile ni kumpa kiti kingine chenye mto.

Ndipo akaingia mama mkwe, bangili zikilia. Akachungulia boksi, akaweka mkono kifuani.

"Jamani, mkwe, poleni," akamwambia mama. "Msijali wala. Sisi tulishaagiza nyingine Tanga."

Akatuonyesha kwa kidevu. Pembeni, juu ya meza yenye kitambaa cha satini, ilisimama keki ya ngazi tano, nyeupe, kavu, haina hata tone la jasho. Haikuwa imeagizwa baada ya yetu kuharibika. Keki ya namna ile haitengenezwi kwa saa moja. Walikuwa wameiagiza siku nyingi, pengine tangu siku ya mzaha, wakatuacha tuhangaike. Ningeileta yangu ikiwa imara kama mawe ya Soni, bado isingekaa mezani.

"Ahsante, mkwe," mama akasema. Alisema kwa sauti yake ileile ya kila siku, na mimi nikaona uchungu. Nilimdharau yule mwanamke kuanzia bangili mpaka kisigino.

Alipotoka niliingiza vidole kwenye fondanti, nikaivua yote. Ilitoka kwa mkupuo mmoja, nikaitupa kwenye ndoo ya maganda. Chini yake keki ilikuwa kama nilivyoioka: ya kahawia, nzima, jemu nyekundu inaonekana ubavuni.

"Unaivua nguo?" shangazi akashtuka.

Mama akasema, "Nikatie kipande."

Nikamkatia. Akakifunga kwenye leso safi, akakitia kwenye mkoba wake, akaenda kukaa meza kuu. Nilidhani ana njaa, na anaona aibu kuomba chakula cha pale.

Mshereheshaji alipotangaza kwamba bibi harusi atawalisha wazazi keki, muziki ukapanda, mpiga video akasogea. Mdogo wangu akakata ile ya ngazi tano. Akamlisha mama mkwe wake kwanza, watu wakapiga makofi. Kisha akaja kwa mama, amepiga goti, uma mkononi.

Mama akamshika kifundo cha mkono, taratibu. Mshereheshaji, kwa umbea wa kazi yake, akapeleka kipaza sauti karibu.

"Ahsante, mwanangu," mama akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Keki yangu ninayo."

Akafungua mkoba. Akafungua leso. Akampa mdogo wangu kile kipande, akafungua mdomo, akalishwa. Alitafuna bila haraka. Nusu iliyobaki akamgeukia nayo mwanamke wa bangili, akaishika kwa mikono miwili kama tunavyompa mgeni kitu.

"Karibu, mkwe," akasema. "Haina kabichi."

Mama mkwe aliila. Angefanyaje, na kamera iko usoni? Kama aliipenda sijui, wala sijawahi kuuliza. Sahani zilipokusanywa niliona fondanti ya Tanga, ile kavu isiyotoka jasho, imebanduliwa na kuachwa pembeni mwa kila sahani.

Jioni tulipanda kurudi. Baada ya Mombo hewa ikaanza kupoa, mama akajitanda tena kanga yake, nayo ilikuwa inanukia vanila. Nilimwambia pole kwa ile keki.

"Keki ilikuwa tamu," akasema, akifunga kioo. "Ila ile ya juu, mwanangu, ilikuwa takataka."