Mpini Umwelekee Anayepokea

Mapanga ya shamba zima yalikuwa chini, yamelala mbele ya mlango wa ghala, mipini yote ikimwelekea msimamizi. Na msimamizi, Mfaransa mwenye bastola kiunoni, aligeuka akakimbia. Hakuna aliyemfukuza. Wanaume waliosimama nyuma ya mapanga yale walikuwa mikono mitupu. Wa kwanza katika mstari alikuwa mume wangu, na kabla jua halijatua alikuwa amefungwa pingu.

Nitaeleza kwa utaratibu, kwa kuwa nimeisikia habari hii ikisimuliwa vibaya mara nyingi, hata na watu waliokuwapo.

Shamba lilikuwa katika kisiwa cha Nosy Be, la milangilangi, miti ya maua ya manukato. Ilikuwa ile miaka iliyofuata vita kubwa ya Wazungu. Sisi wanawake tulichuma maua alfajiri, kabla jua halijakausha harufu, na wanaume walifyeka chini ya miti. Mlangilangi hauachwi urefuke. Matawi yake hupindwa tangu ukiwa mchanga ili mkono wa mchumaji uyafikie. Kwa hiyo kila kinachoota chini yake kiko karibu na maua, na katika kisiwa kile kila kitu huota. Ukifyeka upande huu wa shamba hadi mwisho, ukigeuka nyuma unakuta mitambaazi imeanza tena kupanda pale ulipoanzia.

Mume wangu alitumia panga lake mwenyewe, lililofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya lori. Lilikuwa zito upande wa ncha. Mkono wa kushoto alishika kijiti chenye kulabu cha kuvutia mitambaazi, na wa kulia ukashuka chini chini, mshazari, karibu na ardhi. Mtu asiyejua kazi hiyo hukata kwa nguvu za bega, na jua likipanda kidogo tu keshachoka. Anayejua huliacha panga lianguke kwa uzito wake. Walifyeka wakiwa wameachana nafasi ya kutosha ili panga la mmoja lisiweze kukutana na la mwingine hata kwa bahati mbaya, na walizungumza kwa kupaza sauti bila kutazamana.

Palikuwa na mwiko mmoja, fady kama wanavyosema wenyeji, ambao hata mlevi aliuheshimu. Panga halipewi mtu mkononi. Unaliweka chini, mpini umwelekee anayepokea, makali yakuelekee wewe, kisha unarudi nyuma, naye analiokota. Walisema chuma kikipita mkono hadi mkono hukata kilicho baina ya watu wale wawili. Na ikiwa mke wa anayetoa ni mjamzito, chuma huacha watu wazima na kumtafuta aliye tumboni.

Haya nilifundishwa na mama mkwe, Msakalava wa kisiwani pale. Mimi nilizaliwa mjini Mahajanga katika ukoo uliotoka Ngazija, na baba yangu aliuza vitambaa karibu na msikiti. Nyumbani kwetu nilimwona mama akimpa jirani kisu cha jikoni mkononi kwa mkono, wakaendelea kuwa majirani. Lakini kwa mama mkwe nilikuwa mgeni, tena na mimba iliyokwisha kuonekana. Niliviweka visu chini kama wenzangu na sikuuliza.

Kisha zikaja habari za upande wa mashariki wa nchi, kwamba watu wameinuka na mikuki na mapanga dhidi ya serikali, na kwamba askari wanachoma vijiji. Kwetu hapakutokea kitu. Hata hivyo mwenye shamba alitoa amri: kila jioni mapanga yote yakabidhiwe ghalani, hata yale ambayo ni mali ya watu wenyewe, na asubuhi yatolewe tena.

Mwanzoni amri haikusumbua. Aliyepokea alikuwa nyapara, mtu wa kisiwani, mzee mwenye maneno. Kila mmoja aliweka lake chini mbele ya mlango, nyapara akaliokota na kulipima kwa kidole.

"Hili halikati hata ndizi mbivu," alizoea kusema. "Mkeo anapikia kuni gani, majani?"

"Anapikia maneno yako, zoky. Ni makavu."

Zoky ni kaka mkubwa kwa lugha ya kule, na ndivyo walivyomwita. Watu walicheka, wakaenda kuoga.

Nyapara akashikwa na homa. Siku hiyo alisimama msimamizi mwenyewe mlangoni. Alikuwa mgeni kisiwani, kijana, shingo yake imebabuka kwa jua. Mimi nilikuwa barazani pa kiwanda cha mafuta, mkabala na ghala, nikichambua maua yaliyosagika. Niliona kila kitu, na niliyasikia maneno mengi.

Msimamizi alinyoosha mkono, kiganja juu. Mume wangu, aliyekuwa wa kwanza, akapiga hatua, akainama, akaliweka panga chini vizuri kabisa, mpini kwenye viatu vya mzungu. Akarudi nyuma, mikono mbele, kama mtu aliyemaliza kumwamkia mkubwa.

Msimamizi alilitazama panga, kisha akamtazama yeye.

"Nipe," alisema kwa Kifaransa.

Mume wangu akaonyesha panga kwa kidevu. Lilikuwa limekwisha kutolewa.

"Mkononi," alisema mzungu, akakipiga kiganja chake kwa kidole. "Hapa. Hapa!"

Mume wangu alijua Kifaransa cha shambani: chukua, haraka, kesho. Hakuwa na maneno ya kueleza jambo hili. Aligeuka akanitazama mimi barazani, akaonyesha tumbo langu. Msimamizi naye akanitazama. Alichokiona ni mwanamke mwenye mimba na kapu la maua.

Mtu wa pili katika mstari akamwambia mume wangu kwa sauti, "Zoky, mwokotee basi, mchele unaungua nyumbani." Kicheko kikapita mstari mzima. Nilimwona msimamizi akibadilika. Kucheka kwao hakukumhusu, ila yeye alisikia tu wanaume wengi wenye mapanga wakicheka nyuma ya mmoja aliyekataa.

Huyo wa pili alikuwa mtu mwema. Naamini alitaka kumwonyesha mzungu kwamba hakuna dharau, kwamba hivi ndivyo tufanyavyo wote. Akapita mbele, akaliweka panga lake kando ya lile la kwanza, mpini kwa msimamizi. Wa tatu akafanya hivyo hivyo. Kisha wakaja kwa pamoja, kimya, wakiinama na kurudi nyuma, chuma kikigonga chuma. Mwenye macho ya nyumbani angeona heshima. Yeye mkono wake ulikuwa juu ya bastola, na miguu yake ilikuwa imezungukwa na nusu duara ya mapanga. Nilisema moyoni: akiitoa bastola ile, nitazaa mjane.

Hakuitoa. Alikimbia kuelekea nyumba ya mwenye shamba.

Majandarmu, polisi wa serikali ya Wafaransa, walipokuja walimchukua mmoja tu. Walisema ndiye aliyewaongoza wenzake kumtisha msimamizi kwa silaha. Mambo ya namna hiyo, mwaka ule, hayakuhukumiwa kisiwani. Alipakiwa kwenye meli ya pwani akapelekwa Mahajanga.

Tulimfuata, mama mkwe na mimi, tukafikia kwa baba yangu mtaa wa Antanimasaja. Mama mkwe hakuwahi kuuona mji. Alilala chumba kimoja na mimi, akaamka kabla yangu, na kila alipoona kisu mezani alikigeuza mpini ukae upande wa mlango.

Katika gereza palikuwa na askari mlinzi wa Kingazija aliyeswali msikiti mmoja na baba. Kwa ajili yake tuliruhusiwa kupeleka wali na samaki mkavu, na kusema naye maneno machache kwenye wavu wa chuma uliotenganisha wafungwa na wageni. Ndiye aliyetuletea habari ya afisa.

Afisa aliyeishika kesi hakuwa mtu wa kelele. Kupitia kwa mkalimani, mtu wa nyanda za juu aliyevaa kofia ya ukindu na viatu vya kufunga, mume wangu alikuwa ameeleza habari ya mwiko. Mkalimani mwenyewe hakuwahi kuusikia. Kwao hawana, alisema, au labda vijijini. Afisa akasema sawa, nitakuita mara nyingine na panga litakuwapo. Utalichukua na kunipa mimi mkononi. Ukinipa, nitajua kwamba uliyafanya yale kwa ujinga wa siku moja, na utakwenda nyumbani. Usiponipa, nitajua kwamba unaweza kumkataa Mfaransa mara mbili, na utapelekwa kusini kufanya kazi ya barabara.

"Waliokwenda kusini?" baba aliuliza.

"Sijamwona aliyerudi," alisema askari. "Labda wanarudi kwa njia nyingine."

Siku moja kabla ya kuitwa, tulikwenda wote wawili kwenye wavu. Mume wangu alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Mama yake alitangulia kusema.

"Usimpe, mwanangu. Weka mezani, weka chini, weka popote. Usimpe mkononi."

"Watampeleka kusini, Mama," nilisema.

"Kusini ni nchi. Mtu anaweza kuishi katika nchi."

"Waliokwenda hawakurudi."

"Huyo aliye tumboni mwako naye akienda harudi."

Nilimwambia mume wangu, kwa Kingazija nilichomfundisha nyumbani ili yule mama asielewe, ingawa nadhani alielewa: "Mpe. Mpe mkononi, utoke. Chuma ni chuma. Mtoto huyu anahitaji baba anayetembea."

Mama mkwe akanigeukia. "Kwenu mnaokaa mjini chuma ni chuma. Ngoja uone uchungu utakapokushika ndipo useme tena."

Mume wangu alitutazama kwa zamu. Hakuwa mtu wa kuchelewa kuamua. Katika kufyeka, anayesita hujikata. Askari akasema muda umekwisha. Wakati anageuka, mume wangu aliuliza kitu kimoja tu, kama chakula cha kesho yake kitakuwa na ndimu.

Siku ile tulisimama nje ya lango tangu asubuhi, kivulini, upande mmoja mama mkwe na upande mwingine mimi. Nilijaribu kusikiliza, lakini barabara ilikuwa na mikokoteni. Miguu ilinivimba. Mama mkwe, bila kunitazama, alikunja kanga yake akaiweka chini nikalie, nami nikakaa.

Lango lilifunguliwa baada ya adhuhuri, akatoka. Peke yake, bila pingu, nguo zake zimefungwa kwenye mkeka. Mama yake aliitazama mikono yake. Mimi niliutazama uso wake.

"Nina njaa," alisema.

Hatukuambiwa kwa nini aliachiwa. Askari wa lango alitufahamisha tu kwamba haruhusiwi kurudi Nosy Be. Kwa hiyo tulihamia upande wa Boanamary, tukapewa sehemu ya kichaka na ndugu wa baba, na mume wangu akaanza kufyeka upya kwa panga la kuazima. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti kubwa. Mama mkwe alimpokea, akamkagua vidole vyote, akasema kama anayejisemea, lakini kwa sauti ya kunifikia: "Sasa unaona kwamba hakumpa." Nami nilimtazama baba wa mtoto akila ugali wa muhogo mlangoni, mtu mzima, hai, nikasema: "Naona kwamba alimpa." Tuliishi hivyo nyumba moja miaka mingi, kila mmoja na ushahidi wake. Tulipendana pia, kwa namna yetu.

Nilimuuliza mara moja, tukipumzika shambani. Alikuwa ananoa, jiwe na maji. Alisema, "Nilitoka, sivyo?" akaendelea kunoa. Panga aliendelea kuliweka chini kila alipompa mtu, hata mimi, hata binti yetu alipokua. Hilo halithibitishi lolote. Mtu anaweza kuuvunja mwiko mara moja na kuushika maisha yake yote yaliyobaki, pengine kwa sababu hiyo hiyo. Amefariki bila kusema zaidi, na mama yake alimtangulia.

Sikuridhika. Niliwatafuta waliokuwa chumbani mwa afisa siku ile. Afisa alikwisha kurudi kwao Ufaransa. Mkalimani nilimkuta sokoni Mahajanga akichagua vitunguu, kofia ile ile. Alikumbuka vizuri. "Alimpa mkononi," alisema. "Bila tabu, kama mtu anayempa mwenzake kikombe. Mimi hata nilishangaa, baada ya maneno yote yale."

Askari mlinzi alikuwa amestaafu, akiishi karibu na barabara ya Amborovy. Alinikaribisha chai. "Hakumpa," alisema. "Aliliweka mezani, mpini kwa afisa, akarudi nyuma mpaka ukutani. Afisa akacheka, akaliokota mwenyewe."

Nikamweleza alichosema mkalimani. Akaweka kikombe chini.

"Mimi nilikuwa mlangoni, bibi, na macho yangu yalikuwa mazima. Muulize tena."

Nilirudi kumuuliza. Mkalimani alisema yule askari alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wa mume wangu, na kwamba asingeweza kuiona mikono yake.