Huo Ni Mlango

Dereva huyu wa tela walimwita Kaza Tena, na hakulikasirikia jina hilo hata siku moja. Wenzake wakishafunga mzigo, hao, wameondoka. Yeye? Akiendesha nusu saa tu anasimama, anashuka, anazunguka tela lake akipiga mikanda ya mzigo kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine. Mkanda uliokaza hujibu ngo. Uliolegea hujibu pwa, na hapo hana raha mpaka aukaze. Mzigo ukishatikiswa na barabara hujipanga upya, alikuwa akisema, na mikanda uliyoiringia kule ulikopakia inabaki mapambo.

Hakuzaliwa na akili hiyo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake, shehena ya mbao ilimfuata mgongoni alipokanyaga breki, ikapasua kioo cha nyuma na kumwachia kovu kutoka sikioni hadi shingoni. Mkewe alimuuguza miezi mitatu, kisha akampa sharti moja: ukisimama kukagua, nipigie simu, nisikie mwenyewe. Basi miaka ishirini na ushei yule mama aliacha cherehani yake, akaweka simu sikioni na kuhesabu. Ngo, ngo, ngo, ngo, ngo. "Haya, safari njema, baba watoto." Madereva walicheka mpaka wakachoka. Mmoja aliwahi kumuuliza kama mama anapima na oili kwa simu.

Sasa siku yenyewe alikuwa amepakia mihimili ya chuma, kumi na miwili, mikanda mitano. Alfajiri binti yao, mzaliwa wao wa kwanza, alishikwa na uchungu, na mama yake akamkimbiza hospitali ya mji uleule ulikokwenda mzigo. Saa nne asubuhi bado hajajifungua. Presha imepanda, daktari ameamua upasuaji. Mwanamume mwenye habari kama hiyo kifuani, subira ya kuzunguka tela ataitoa wapi?

Aliingia kwenye kituo cha mafuta kama kawaida yake, lakini injini hakuizima na chini hakushuka. Alipiga simu, akashusha kioo, akanyoosha mkono na kuupiga mlango wa gari kwa kiganja. Mara tano, akipumzika kidogo kila mara, kana kwamba anatembea.

Mkewe akasema, "Baba watoto, huo ni mlango."

"Mlango gani tena?"

"Mlango wa gari lako. Mikanda yako nimeisikiliza kuliko nilivyosikiliza redio. Shuka."

"Mwanangu anaingizwa kupasuliwa, na wewe unanihesabia mikanda?"

"Mwanao ana madaktari watatu. Wewe huko una nani? Shuka, nasubiri."

Akashuka akinung'unika kwamba kumbe alioa askari wa barabarani. Mkanda wa kwanza, ngo. Wa pili, ngo. Wa tatu ukajibu pwa, kiganja kikazama kama kwenye godoro. Akainua macho. Kile kipande cha tairi kuukuu alichokiweka ukingoni, ili chuma kisile mkanda, kilikuwa kimechomoka. Ukingo ulikuwa umeukata mkanda taratibu njia nzima, ukabaki uzi wa upana wa kidole. Wa nne nao ulining'inia tu, maana mhimili wa juu ulishaanza kusogea, umetokeza nje ya tela upana wa kiganja kizima. Na kutoka pale kituoni barabara ilikuwa ni mteremko na kona tupu, hadi kwenye mzunguko wa sokoni, saa ambayo soko limejaa.

Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Aliogopa kuliko siku ya mbao, kwa sababu siku ile aliyekuwa mbele ya mzigo alikuwa yeye peke yake.

"Mbona kimya?" simu ikauliza.

"Nitakupigia," alisema.

Mafundi wa gereji ya jirani walikuja na jeki na mitaimbo, wakaurudisha mhimili mahali pake. Ilichukua saa nzima na zaidi. Akafunga mikanda mipya, akaweka vipande vya tairi na kuvifunga kwa waya, kisha akapiga simu. Mara hii zilikuwa ngo sita.

"Sita?" mkewe akauliza.

"Nimeongeza mmoja."

Hakumuuliza kwa nini. Akamwambia upasuaji umekwenda vizuri, mama mzima, mtoto mzima, wa kike.

Alipofika hospitali baada ya kushusha mzigo, binti yao alikuwa amelala. Mkewe alikaa kwenye benchi la ukumbini, mjukuu mapajani. Dereva akamsimulia yote, hata alivyokaa chini kwenye gurudumu. Mwisho mkewe akanyoosha mkono, akaligusa lile kovu la shingoni.

"Ulipopiga ule mlango," alisema, "nilitaka nikuache tu. Nilikuwa nimechoka, nina hofu ya mtoto. Nikasema moyoni, leo tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikutakie safari njema."

Dereva akampokea mjukuu kwa mikono miwili, akamkumbatia kifuani, akazidi kumbana, machozi yakimtiririka bila aibu.

"Legeza kidogo, babu," mkewe akamwambia. "Huyo hatoki."