Shamba la shosho lilifungwa, ndege wa mzee akabaki ndani

Niaje wakuu. Hii stori sikuhadithiwa, nilikuwepo mwenyewe, na bado inaniuma. Mtanivumilia nikizunguka kidogo.

Mimi ni fundi wa mbao, nakaa Kianda. Jumapili zangu nyingi zimekuwa zikiishia Kawangware, upande unaoitwa Congo, kwa Mzee Ambani. Ni mtu wa nyumbani magharibi, tulijuana kanisani, na kitu anachokijua kuliko siasa zote za Kenya ni kutega isindu, wale kware wadogo wa kwenye nyasi.

Kabla mawakili wa comments waruke hapa: najua ndege wa pori wana sheria zao. Sitetei mtu. Nasimulia tu.

Kwa wasiojua, isindu hawafukuzwi, wanaitwa. Unafuga mmoja mwenye sauti nzuri, unamweka kwenye tundu la fito, unalivuta kwa kamba hadi juu ya mlingoti mrefu. Alfajiri anaimba, wenzake wanaopita wanashuka kwenye nyasi na kukuta mitego.

Huyo ndege wa kuita ndiye kila kitu. Wa mzee aliitwa Bwana Mkubwa, alimlea mwenyewe tangu akiwa kifaranga. Mkewe mzee alishafariki, watoto wako mbali, so asubuhi zake zote zilikuwa za huyo ndege. Tulikuwa tunamtania ati atamwandikia urithi.

Shida ni kwamba ndege kama huyo hawezi kukaa kwa ploti. Jaribu kufuga kitu kinachopiga kelele kabla jua kutoka, na nyumba za mabati zimeshikana, uone vile landlord atakujia.

Ndiyo maana Bwana Mkubwa alikuwa analala shambani kwa Shosho Nyambura, mjane aliyekuwa na kipande cha nyasi za napia huko bondeni. Ruhusa ilikuwa ya mdomo tu. Masharti yake: upitie kwake umsalimie kwanza, na usiache geti wazi. Mzee alienda kila asubuhi na mtama na maji, na hakuwahi kupita bila kumsalimia.

Halafu shosho akatuacha.

Tulienda mazishi. Tulichanga, tukabeba viti, tukala, tukaondoka. Mtoto wake wa kiume alikuwepo, tukampa pole kama watu wengine wote. Hatukumwambia sisi ni akina nani.

Mimi nilimnong'onezea mzee, "Si tuongee na huyu jamaa mambo ya ndege?"

Akanikata jicho. "Kaburi bado bichi, wewe unaanza kuuliza shamba? Watasema tulikuwa tunangoja afe."

Wakuu, kwetu hilo ni neno zito. Nikaliacha hapo, na niliona ana haki kabisa.

Baadaye, asubuhi moja, mzee akanipigia simu. Mabati mapya yamezunguka shamba lote, yamepigwa tangu jana alipotoka. Geti lina mnyororo, na soja wa kulinda amekaa hapo. Nikachukua boda mbio. Nilimkuta nje, ameweka sikio kwa mabati. Bwana Mkubwa alikuwa anaita huko ndani, na tulimsikia vizuri sana.

Soja hakuwa mtu mbaya. "Mzee, nakuelewa, lakini nikifungua mimi ndio naenda home. Namba ya mdosi iko hapo kwa geti. Mpigieni tu."

Hapo ndipo tulipoharibu. Hatukupiga. Mzee aliogopa kwamba tajiri asiyemjua akisikia habari ya kutega ndege ataita polisi. Nikamwomba soja amshushe ndege ampe maji, akasema atajaribu. Tukaenda.

Kesho yake shift ilikuwa imebadilika. Soja mpya hakutaka hata kutusikia. Ndege aliita kidogo tu. Asubuhi iliyofuata hakuita.

Nikapiga ile namba bila kumwambia mzee. Kumbe mdosi mwenyewe ni yule mtoto wa shosho. Alikuja haraka, akafungua geti kwa mkono wake.

"Nyinyi ndio wale watu wa ndege?" akatuuliza. "Mathe aliniambia nisiwafukuze. Kwa mazishi nilingoja mtu ajitambulishe, hakuna aliyekuja. Nikadhani mlishaacha kuja. Sasa nimeshapeana hii place kwa mtu wa yard ya magari. Mngeniambia siku ile tu, ningewawekea hiyo kona."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angetutukana.

Mzee alishusha kamba polepole, akamtoa Bwana Mkubwa, akampangusa manyoya kwa kidole. Ndege alikuwa amekufa, amekauka. "Nilikuwa naogopa kumkosea huyu kijana," akaniambia, kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mkewe.

Nilichojifunza ni hiki. Kama unatumia ardhi ya mtu kwa ruhusa ya mdomo, jijulishe kwa watoto wake yeye akiwa hai, tena mbele yake. Ukingoja matanga, heshima itakufunga mdomo. Na ukiona namba kwa geti, piga siku hiyohiyo. Najua mabati yangekuja tu, Nairobi ndiyo hiyo. Lakini ndege angetoka.

Kuna mwenye amewahi kufungiwa mahali alipozoea kuingia? Ulifanyaje? Andikeni hapa. Mzee hana simu ya internet, jioni nitapita Congo nimsomee zote.

Tafadhali tu, asiandike mtu ati atafute ndege mwingine.