Mwaka Moshi Ulipopigwa Marufuku

Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Nilisoma hadi darasa la saba, na daftari langu huwa la mambo ya mvua na shamba. Lakini hapa Ruangwa ninapokaa sasa nimewasikia watu wakiwasimulia wale wakubwa wawili wa kijiji chetu cha zamani kama mashujaa, na mimi nilikuwepo. Nikikosea mahali, kosa ni langu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, vita vya Msumbiji havijaisha. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Lionja, na Ruvuma ni mbali, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hata hivyo ukaja uvumi kwamba waasi wamevuka. Tulikuwa na kamanda wa mgambo, sajenti mstaafu aliyepigana Uganda, anayekwenda hata kisimani kwa mwendo wa gwaride. Tulikuwa pia na mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwahi kushika silaha yoyote zaidi ya mhuri. Bunduki ya kijiji ilikuwa moja, na kamanda alilala nayo. Risasi zilikuwa kwenye kabati la ofisi, na ufunguo mwenyekiti aliuvaa shingoni. Wawili hao hawakuwa wakisalimiana. Huo ndio ulikuwa ulinzi wetu.

Kamanda akatangaza: marufuku moshi shambani, maana adui atatuona. Marufuku pia kupiga yowe, ila adui akionekana, na likisikika kila mtu akimbilie porini. Siku mbili baadaye mwenyekiti naye akatangaza kwamba mashamba yote yawe yamechomwa kabla ya Jumamosi, wakubwa wa wilaya wanakuja kukagua kilimo.

Kwetu kuchoma shamba ni kazi ya watu wengi. Unafyeka, unaacha majani yakauke, na siku ya kuwasha unapiga yowe. Majirani wanakuja na matawi mabichi, kila mmoja anasimama mbele ya mikorosho yake. Jirani yangu alikuwa Mmakua aliyekimbia vita na mkewe. Kijiji kilimpa kipande kando ya shamba langu kwa sharti kwamba kitakuwa chake akikipanda mikorosho. Alipanda kumi na minne, ilikuwa na miaka mitatu. Hati nyingine hakuwa nayo.

Mkutanoni wakubwa walirushiana maneno mpaka jua likatuchoma. Mwenyekiti alisema hata bunduki ile ameitilia saini yeye. Kamanda akajibu kwamba saini haijawahi kumpiga adui. Nikasimama nikauliza: mvua inakaribia, nichome au nisichome?

“Ukichoma nakukamata,” alisema kamanda.

“Usipochoma nakukamata mimi,” alisema mwenyekiti.

Jirani yangu alikaa nyuma. Ni yeye peke yake pale aliyewahi kuwaona hao waasi kwa macho, na hakuna aliyemuuliza kitu. Njiani aliniambia kwamba wale hufuata vijia vya kwenda kisimani, moshi hawana haja nao.

Nisiwaonee. Kamanda aliona vijiji vimeteketea huko vitani, labda ndiyo maana moshi ulimtisha. Mwenyekiti naye wilaya ingemwajibisha. Hayo nayakubali.

Ijumaa wingu likasimama upande wa kusini. Nikaona nimepata njia: nichome, kama anavyotaka mwenyekiti, lakini bila yowe, kama anavyotaka kamanda. Kila mmoja nimemtii nusu. Nilijiona mwerevu sana. Nilipita kwa jirani, mkewe akaniambia mumewe ameenda Nachingwea kuuza makopa ya muhogo. Yeye mwenyewe alikuwa na kichanga cha siku nne. Ilinipasa kungoja. Sikungoja. Upepo ulikuwa umetulia, nikawasha.

Upepo ukaamka. Moto uliporuka kinga niliyofyeka mpakani na jirani nilifungua mdomo nipige yowe, nikakumbuka marufuku, nikaufunga. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Ulikuwa mfupi, lakini ulitosha. Nilipopiga yowe hatimaye, watu walifanya walivyoamriwa: wakakimbilia porini. Hakuja mtu na tawi.

Walikuja wakubwa wawili, na kuja walikuja, siwanyimi hilo. Kamanda na bunduki tupu, mwenyekiti na risasi kwenye mfuko wa kaunda suti. Nikawaonyesha mikorosho ya jirani inavyoungua. Hawakuitazama.

“Lete risasi,” alisema kamanda.

“Lete kwanza bunduki.”

“Mwenyekiti, hii ni vita.”

“Afande, hiki ni kijiji changu.”

Nilikuwa napiga moto kwa kanga yangu, peke yangu, na nyuma yangu wanabishana nani amkabidhi nani. Moto ulikuwa adui pekee aliyefika kijijini mwaka ule, na ulipita katikati yao bila kuulizwa jina.

Jirani alirudi alasiri. Yote kumi na minne ilikuwa imeungua. Alipita mti kwa mti akigusa magome, nami nyuma yake nikieleza mambo yangu ya nusu kwa nusu. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Dada,” akasema, “huko nilikotoka walichoma wakijua wanachoma.”

Kwa siku tatu wakubwa waliandika barua wilayani, kila mmoja akimshtaki mwenzake. Mikorosho haikutajwa popote. Baadaye wote wawili walimwambia jirani kwamba kipande kisicho na miti ni cha kijiji tena. Mwenyekiti alikitaka kiwe shamba la mfano, kamanda alikitaka kwa kwata ya mgambo. Nilifikiri kwenda kuwashtaki, nikaogopa. Niliogopa, naandika hivyo hivyo.

Nilichofanya ni hiki. Niliwaita watu watano waliorudi kutoka porini, na mbele yao nikampa jirani mikorosho yangu kumi na minne ya upande wa kisimani, pamoja na ardhi ilimopandwa. Alizunguka akaikagua bila haraka. Akapokea kumi na miwili. Miwili kati ya ile yake iliyoungua, alisema, ilishaliwa na mchwa kabla ya moto wangu.